Pini ya Bawa la Kushoto

Sihitaji kulitaja jina lake. Likasi nzima, mji wetu wa shaba, ilimwita Moniteri, yaani mwalimu, na hata wale waliolijua jina lake la ubatizo walikuwa wameshalisahau. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kurusha planeri, yaani ndege isiyo na injini, inayovutwa juu kwa kamba ndefu ya chuma, kisha inaachwa ijitafutie hewa ya moto ya kuipandisha. Katika kiwanja chetu cha ndege alikuwa mtu mweusi pekee mwenye kazi hiyo. Mimi nilikuwa sekreteri wa kiwanja. Nilimpigia taipu karatasi zake miaka mingi, na tangu alipomfukuzisha kazi baba yangu kwa uongo nimemchukia kwa moyo wote. Nikisema hapa neno zuri juu yake, ijulikane limenitoka kwa shida.

Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, na viatu ambavyo hakumruhusu mtu mwingine avisafishe. Ukimwamkia asubuhi aliitikia huku akiangalia juu ya bega lako, kule moshi wa viwanda vya mtaa wa Panda ulikoelekea, apate kujua upepo. Wageni walidhani ni dharau. Dharau alikuwa nayo, lakini hiyo haikuwa yenyewe. Miaka yote niliyokaa naye ofisini hakuwahi kunitazama machoni hata mara moja.

Mfukoni hakukosa ndimu. Aliitoboa kwa ukucha wa kidole gumba, akaifyonza kidogo kabla ya kupanda ndegeni, akairudisha mfukoni. Kaptula zake zote zilikuwa na doa la manjano upande wa kulia, na mke wake alilia na doa hilo mpaka akachoka. Wanafunzi walimwiga, wakafyonza ndimu nao, wakatapika hewani.

Pombe hakunywa. Kanisani alienda, kwa Wakatoliki, misa ya kwanza, akasimama karibu na mlango ili aone mawingu. Wakati wa mahubiri alitoka nje mara mbili tatu, akarudi, na padri alimzoea. Watoto wa kambi ya wafanyakazi walimpenda kupita kiasi. Aliwakatia ndege ndogo za maboksi, akawafundisha kuzirusha kutoka juu ya kichuguu, na kila ikianguka alimuuliza mwenyewe kwa upole kosa liko wapi. Kwa watoto aliuliza. Kwa watu wazima aliamua.

Sasa nieleze kutua nje, maana ndiko aliko mtu huyu mzima mzima. Planeri ikienda mbali na kiwanja, hewa ya moto ikaisha, hakuna cha kuisukuma. Inashuka, utake usitake, na rubani ana dakika chache za kuchagua shamba la mtu. Ukiwa juu, mashamba yanadanganya. Kijani kilichopauka ni karanga, hapo utatua salama. Kijani kizito ni muhogo, utaacha bawa huko. Udongo mtupu unaonekana laini, kumbe ni matuta ya viazi vitamu, na matuta huvunja mkia. Nyasi zilizolingana vizuri zimeficha kichuguu. Moniteri alijua haya kuliko wahandisi wote wa kampuni ya shaba, na hakuwafundisha ubaoni. Aliwapeleka mashambani kwa miguu, kila mmoja na jembe begani.

Kulikuwa na mhandisi mmoja kijana, mzaliwa wa mtaa wa Kikula, aliyekuwa ametoka kusoma Ulaya. Siku ya jembe alivua miwani akalalamika.

"Moniteri, minye nilikuya kujifunza kuruka, hapana kulima."

"Weye utaruka saa moja," Moniteri akamjibu, macho juu. "Mama wa hili shamba analima tangu mvua ya kwanza. Lima."

Akalima. Matuta mawili, mpaka viganja vikapasuka. Nilikuwepo na daftari langu, na siku hiyo, Mungu anisamehe, nilijivuna kufanya kazi na mtu kama yule.

Sheria yake kubwa aliirudia mpaka tukaijua kwa kichwa. "Kila shamba iko na mwenyewe. Ukisha kushuka, usiombe maji, usiulize njia. Tafuta mwenyewe, chuchumaa, umusalimie." Sheria hiyo aliitia mpaka kwenye karatasi. Zamani trela ya kubebea planeri iliingia shambani kwa mtu bila ruhusa, ikalaza mahindi, na chifu akaja kiwanjani na watu wake kulalamika. Tangu hapo kila rubani alibeba karatasi ya kutua nje. Mstari wa kwanza: umetua wapi. Wa pili: kwa sababu gani. Wa tatu: kidole gumba cha mwenye shamba, kuonyesha kwamba amekubali trela iingie. Bila kidole, trela ilibaki barabarani. Moniteri mwenyewe aliwahi kukaa siku mbili chini ya bawa, akila mihogo ya kuchoma, kwa sababu mwenye shamba alikuwa amesafiri, na wakubwa wa kampuni walipomtuma mtu amwambie aache upuuzi, aliwarudishia salamu kwamba yeye ni mgeni wa watu.

Karatasi hizo nilizipiga taipu mimi. Nitazirudia.

Baba yangu alikuwa fundi wa planeri hizo, na Moniteri mwenyewe alikuwa amemwahidi kazi ya maisha. Mtu wa maneno machache, mikono imejaa grisi, anayeimba kwa pua. Planeri ikirudi na trela inakuja imefunguliwa mabawa, na fundi anayarudisha moja moja. Ndani ya kila bawa kuna fimbo inayoshika breki za hewani, na fimbo hiyo inafungwa kwa pini ndogo, haizidi kidole cha mtoto. Pini ikikosekana, breki zinaweza kufunguka zenyewe huko juu na ndege ikashuka bila rubani kutaka. Baba hakuiamini kumbukumbu yake. Kila pini aliifunga kwa uzi mwekundu wa sufu, mafundo mawili, kisha akamwita mtu mwingine aje autazame. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Alisema uzi mwekundu hata kipofu atauona, na hapo ndipo alipocheka.

Moniteri naye alikuwa na udhaifu mmoja. Mama yake aliishi kijiji cha wavuvi, ukingoni mwa ziwa Tshangalele. Wakubwa walimkataza asishuke chini chini juu ya ziwa, maana pale hewa ya moto haipandi. Yeye kila akipata nafasi alishuka, akayumbisha mabawa juu ya nyumba ya mama yake, yule bibi akatoka na kupunga kanga. Mtu aliyewakatalia wanafunzi hata kupiga miayo ndani ya ndege alifanya hivyo. Tulijua, tukanyamaza, tukaona ni jambo la kupendeza.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ile mibaya, alishuka kumsalimia mama yake na hakupata hewa ya kumpandisha tena. Alitua kwenye matuta ya viazi. Yeye, mwalimu wa matuta! Mkia ukakatika. Alikaa peke yake na ndege tangu adhuhuri mpaka trela ilipofika jioni.

Kesho yake alikuja ofisini kunisomea ripoti ili niipige taipu. Alisimama dirishani, kisogo kwangu.

"Andika: breki ya bawa la kushoto ilifunguka yenyewe. Andika: pini haikukuwa. Fundi alisahau."

Vidole vyangu vilisimama. Yeye akatia mkono mfukoni kutoa ndimu yake. Ndimu ilipotoka, ilitoka na kipande cha uzi mwekundu kimeganda kwenye ganda. Akakipangusa kwa kidole gumba. Kikaanguka sakafuni, kati ya kiti changu na kiatu chake.

Nilikiona. Nikapiga taipu.

Usiniulize kwa nini. Nilikuwa mwajiriwa, yeye alikuwa mkubwa wangu, na mashine ile ndiyo iliyokuwa ikininunulia sabuni. Alipotoka niliokota uzi nikauweka kwenye pochi, nikajiambia nitasema kesho. Kesho ilikuwa siku ya baba kuitwa mbele ya wakubwa. Waliuliza swali moja.

"Nilifunga, chef," baba alisema. "Nilitia na kamba ya rouge, kamba nyekundu."

Wakamwambia aionyeshe. Angeionyesha kutoka wapi? Nilikaa pembeni nikiandika majibu yake, na pochi yangu ilikuwa mapajani.

Kufukuzwa na kampuni, kwa mtu wa Panda, hakukuwa kupoteza mshahara tu. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Hospitali ya kampuni. Shule ya wadogo zangu ya kampuni, na mfuko wa unga wa kila mwezi wa kampuni. Tulihamia njia ya kwenda Mulungwishi, nje ya mji, kwenye shamba ambalo ukoo wa mama ulimpa baba, nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na nusu. Na mama, aliyekuwa na mapazia ya maua kule Panda na kabati lenye vioo, akachukua jembe.

Mama hakumwamini baba. Nalitamka hivyo hivyo. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mashine, ina muhuri, na mama aliogopa muhuri kuliko radi. Kila alipokata tuta alisema: "Kapini kamoja tu. Kapini kamoja njo katuleta huku," yaani pini moja ndogo ndiyo iliyotuleta huku. Alisema akipika, akisuka mkeka, akimpa baba maji ya kuoga. Mwanzoni baba alijibu kwamba alifunga. Baadaye aliacha kujibu, akaacha na kuimba. Alipougua kifua na hatukuwa na hospitali, mama alimkanda kwa maji ya moto usiku na mchana, hakulala, na huku akimkanda alimwambia: "Ungefunga kale kapini, baba, tungekuwa kwa docteur." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia mzee wangu duniani. Hata baada ya mazishi mama hakuacha kuyasema, aliyaambia matuta.

Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa bado na kazi kiwanjani, na mshahara wangu ndio uliotulisha. Halafu mishahara ikasimama, na nikaendelea kukaa kimya, maana ukimya nao unazoeleka. Chuki yangu yote nilimwekea Moniteri. Nilikula kiapo kwamba ataandika kwa mkono wake mwenyewe, na mama atasikia, na atanyamaza. Sikutaka kingine duniani.

Kisha mambo yakaporomoka kwa wote. Wanajeshi wakapora, na raia wakapora walichoacha wanajeshi. Wazungu wa kiwanjani wakaondoka na masanduku mawili mawili. Viwanda vya Panda vikanyamaza kimoja kimoja, mpaka moshi ambao Moniteri aliutumia kupima upepo ukakosekana. Watu wakang'oa mabati, nyaya, milango ya ofisi. Wafua sufuria wakawa na kazi kuliko wote. Kila kitu cha alumini kilikatwa, kikayeyushwa, kikamiminwa kwenye mchanga, kikatoka sufuria ya bukari, ugali wetu.

Planeri zetu zilikwenda njia hiyo, isipokuwa moja. Hiyo Moniteri aliilinda. Alihamishia kitanda chake ndani ya hanga, banda la kuwekea ndege. Mke wake akarudi kwao, naye akabaki. Waporaji walipofika na misumeno alitoka na kaptula yake nyeupe, akawaamkia, akachuchumaa mbele yao kama mgeni wa shamba, akaongea nao mpaka wakaona haya. Sikuwepo, nilisimuliwa na waliokuwepo, na kila aliyesimulia alitikisa kichwa kwa heshima. Nami niliuma meno. Kumbe huyu mtu anajua kulinda kitu kisicho na hatia!

Aliirusha mara chache, kila alipopata mafuta ya mashine ya kuvutia kamba. Alipanda, akazunguka, akashuka. Watu wa Likasi, wenye njaa zao, walisimama njiani kuitazama na kusema, "Ndeke ya Moniteri ingali."

Basi ikaja alasiri moja ya joto kali, mwisho wa kiangazi, watu wanachoma nyasi kila upande. Mama na mimi tulikuwa shambani tukipasua matuta ya mwaka uliotangulia. Niliona kivuli kikipita juu ya jembe langu. Kisha sauti ile ninayoijua, kama mtu anayechana kitambaa taratibu. Ilizunguka mara moja, ikatafuta upepo kwenye moshi, ikaja. Ilichagua ukanda wetu wa karanga tuliokuwa tukiumwagilia, kijani kilichopauka, kama kitabuni. Iligusa chini, ikaruka, ikakata matuta manne ya mama pembeni, ikalala juu ya bawa lake la kushoto.

Moniteri akafungua kioo, akashuka. Kaptula nyeupe ilikuwa imechakaa lakini pasi ilikuwepo. Alitembea kati ya matuta bila kukanyaga hata moja, akachuchumaa hatua chache mbele yetu, macho chini, karatasi mkononi.

"Jambo, ba mama. Mwenye shamba iko wapi?"

"Mwenye shamba alikufa," nikasema. "Sasa minye njo mwenye shamba."

Akaijua sauti. Hakuinua kichwa. Akaomba radhi kwa matuta, akataja idadi yake, akasema lori la rafiki yake litaleta trela, akanyoosha karatasi ili nitie kidole. Ilikuwa karatasi yangu, niliyoipiga mimi, herufi ya e imeziba wino kama zamani.

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu miaka, naye ametoka mbinguni akaniangukia miguuni.

"Mbele ya kutia kidole," nikamwambia, "geuza karatasi. Nyuma, andika ile ya Tshangalele. Andika nani alitoa pini."

"Ile iko mambo ya zamani."

"Kwetu haiko ya zamani. Ukikataa, trela itabakia kwa barabara. Na kesho bale ba masufuria batakuya hapa na misumeno. Minye njo nitabaita."

Mama alisimama na jembe, anatuangalia mmoja baada ya mwingine, haelewi. Moniteri akageuka kuitazama ndege yake. Halafu akaweka karatasi gotini, akatoa kalamu, akaandika. Alipomaliza nikamwamuru amsomee mama kwa sauti, naye akasoma: kwamba alishuka chini kumsalimia mama yake mzazi, kwamba breki zilikuwa salama, kwamba fundi alifunga pini na uzi, kwamba yeye mwenyewe aliitoa akaitupa ziwani.

"Mume yangu alifunga?" mama akauliza.

"Alifunga, mama. Alifunga muzuri."

"Na weye, juu ya nini ulifanya vile?"

"Minye nilikuwa mumoja tu," akasema. "Mafundi balikuwa mingi. Kama bangenifukuza, hakuna mweusi mwengine angeruka tena pale. Nilisema, fundi atapata kazi ingine." Akaifunga kalamu. "Hakupata."

Mama akaliweka jembe chini polepole, akaketi juu ya tuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana tuta halikaliwi. Nami nikatia kidole changu kwenye kitambaa cha wino alichonipa, nikakandamiza mstari wa tatu, nikamwahidi kwamba ndege yake italindwa mpaka trela ifike. Nilijisikia mrefu. Nilidhani yamekwisha.

Akasimama, akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama machoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyetazama jua maisha yake yote. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, haki iwe yote. Huyu mutoto yako aliona ule uzi. Siku ile ile, kwa ofisi. Ulianguka pa mbele yake. Aliona, akapiga mashine."

Akaondoka kuelekea barabarani, kwa hatua zake zile zile, bila kukanyaga tuta.

Mama alinyoosha kiganja tu. Nilifungua pochi, nikautoa uzi, umefifia, bado una fundo lake moja, nikauweka kiganjani. Aliutazama mpaka jua likaingia nyuma ya moshi.

"Ukaniacha nimuseme," akasema. "Mupaka kwa kufa."

Alfajiri nilikwenda mwenyewe kuwaita wafua sufuria. Ndiyo, nilikuwa nimeahidi. Yeye pia alikuwa amemwahidi baba kazi ya maisha. Walikata mabawa kwanza, kisha tumbo, kisha mkia, na mimi nilisimama pale mpaka kipande cha mwisho kikapanda baiskeli. Siku ya tatu Moniteri alifika na lori. Alikuta kiti, mikanda, na vioo. Alichukua jembe la mama lililokuwa limeegemea ukuta, akayajenga upya matuta manne aliyoyakata, akayapima kwa miguu, akamuaga mama kwa heshima, akapanda lori. Sijamwona tena, na akinisoma popote alipo, ajue sijamsamehe.

Walinipa sufuria moja ya alumini ile. Mama anaipikia bukari kila siku, na neno "kapini" halijamtoka mdomoni tangu siku ile, kama nilivyotaka. Uzi ameushona kwenye upindo wa kitenge chake. Ananipakulia mimi kwanza, fungu kubwa, kwa adabu zote anazompa mgeni wa ofisini. Jina langu, alilonipa yeye mwenyewe, halitamki tena. Ananisukumia sahani na kusema, "Kula, sekreteri."